Ushauri: Nimeacha wanga nipunguze uzito, lakini usiku wa poka unanirudisha nilikotoka

KataKarata aliandika:

Wakuu, habari za jioni.

Nitangulize hili mapema: uzi huu si wa kujadili kama poka ni dhambi au si dhambi. Hilo lina jukwaa lake. Shida yangu mimi ni uzito.

Ni mwanaume wa miaka 38, urefu sentimita 172, naishi Dar. Mchana nafanya kazi za forodha, maana yake nakaa. Nakaa ofisini, nakaa kwenye gari, nakaa kusubiri makaratasi bandarini. Jumatano, Ijumaa na Jumamosi usiku nakaa tena, safari hii kwenye meza ya Hold'em, aina ya poka. Nacheza meza ya dau dogo, hela ya karata iko pembeni, ada za watoto sizigusi. Mama watoto anajua, na daftari la kushinda na kupoteza analisoma kuliko mimi.

Baada ya Pasaka nilipima nikakuta kilo 104. Nikaacha ugali, wali, chapati, mihogo na soda. Asubuhi mayai na parachichi, mchana samaki au nyama na mchicha, jioni vilevile. Mwanzoni mzani ulishuka mpaka nikatoboa mkanda matundu mapya. Nilipofika 97 ukagoma. Wiki hii 97, ijayo 98 na nusu, halafu 97 tena.

Siku nisizocheza nakula kwa adabu. Mambo yanaharibika siku za karata. Pale tunapocheza chakula na vinywaji ni bure kwa aliyekaa mezani, na mhudumu hachoki kupita na sinia: sambusa, chipsi, mishkaki, karanga, korosho. Sambusa na chipsi nazikataa. Karanga na korosho nakula kwa kuwa najua hazina wanga mwingi. Halafu tunatoka saa kumi alfajiri nikiwa na njaa nisiyoielewa. Nikishinda nataka kujipongeza, nikipoteza nataka kujifariji, na njia zote mbili zinapita kwa muuza chipsi mayai au kwenye supu na chapati.

Kuna hili la kichwa pia. Siku za mwanzo nilikuwa mzito kweli, nasahau nani alipandisha dau kabla ya flopu, zile karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani. Sasa nina nafuu lakini bado najiuliza: ubongo unaweza kupiga hesabu za poka bila wanga? Jamaa mmoja pale mezani anashikilia kwamba magwiji wa chesi wanaunguza kalori 6,000 kwa siku wakiwa wamekaa tu, kwa hiyo na mimi nile nisiogope.

La mwisho. Washkaji wanataka tuwekeane dau la uzito. Kila mtu laki tano, atakayepungua kilo nyingi kufikia mwisho wa mwezi wa tisa anazoa zote. Niingie au niache?

Karibuni. Matusi msiniletee, nyumbani yapo ya kutosha.

MtotoWaTandika alijibu:

Mkuu kula ugali, cheza karata, maisha yenyewe mafupi. Nimekaa pale naangalia wataalamu.

Ostadh_K alijibu:

Umesema tusiseme, basi sisemi. Ila hela ya kamari ikinunua mayai, hata hayo mayai yanajua.

KataKarata alijibu:

Ostadhi nimekusikia na nakuheshimu. Mayai nanunua kwa mshahara.

NesiWaZamu alijibu:

Pole mkuu. Mimi ni muuguzi na nakesha kazini, kwa hiyo njaa ya saa kumi alfajiri naijua kwa jina lake. Nitaenda taratibu maana umechanganya mambo mengi.

Tuanze na mzani. Mwili unahifadhi wanga kwenye misuli na ini, kama gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu inashikilia maji kama gramu tatu. Ukiacha wanga hifadhi ile inapungua na maji yake yanatoka. Ndiyo maana mwanzoni ulishuka haraka. Sehemu nzuri ya zile kilo za kwanza ilikuwa maji, na kila anayeanza huwa hivyo, usijione umedanganywa. Sasa geuza: ukila sahani ya chipsi Jumamosi usiku, hifadhi inajazwa tena, maji yanarudi, chumvi ya chipsi inaongeza mengine. Hiyo 98 na nusu yako ni hiyo. Kilo moja na nusu ya mafuta haiwezi kuingia usiku mmoja, maana kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Hakuna muuza chipsi wa kukulisha kiasi hicho.

Lakini kama wastani wako umesimama wiki nyingi, hayo si maji tena. Kuna mahali kalori zinaingia, na umeshatutajia mwenyewe. Karanga, gramu 100 ni kalori zisizopungua 550. Konzi moja ya mtu mzima ni gramu 30 hivi. Ukikaa mezani kwa muda wa saa nane unachukua konzi moja moja huku umekodolea karata, gramu 150 zinaisha na hukumbuki kuzila. Hapo ni kalori kama 850. Ongeza chipsi mayai ya alfajiri, sahani ya kushiba haikosi 700. Usiku mmoja 1,500. Mara tatu kwa wiki, 4,500. Mtu anayejibana kalori 600 kila siku anaokoa 4,200 kwa wiki. Umeona ilikokwenda? Wanga ulipungua kweli, kalori hazikupungua.

Korosho ndiyo kabisa. Watu wanaihesabu pamoja na karanga lakini gramu 100 za korosho zina wanga kama gramu 30, karanga zina kama 16. Kama unalenga kubaki chini ya gramu 50 kwa siku, sinia la korosho peke yake linaweza kumaliza mgao wako.

Kichwa kizito cha siku za mwanzo: ukipunguza wanga insulini inashuka, figo zinatoa chumvi na maji zaidi ya kawaida. Matokeo yake ni kichwa kuuma, uchovu, kizunguzungu ukisimama ghafla. Dawa yake kwa mtu asiye na presha wala tatizo la figo ni maji ya kutosha na chumvi kidogo zaidi, na hapo supu inasaidia sana. Supu, sikusema chapati.

Ubongo hautakufa njaa. Ini linatengeneza sukari ya damu kutoka kwenye protini na sehemu ya mafuta, na ukikaa na wanga kidogo muda mrefu ubongo unatumia pia ketoni, ambazo ini linazitengeneza kutoka kwenye mafuta. Ila mwili unahitaji wiki kadhaa kuzoea. Ndani ya wiki hizo nisingekaa kwenye meza ya hela kubwa.

Ile hesabu ya chesi kalori 6,000 iache hukohuko ilikotoka. Ubongo unatumia kama asilimia 20 ya nishati ya mwili ukiwa umepumzika, uwe unafikiria flopu au unaangalia dari. Kufikiri kwa nguvu kunaongeza kidogo sana. Poka haikupi ruhusa ya sahani ya pili.

JamaaWaThika alijibu:

Salamu kutoka Kenya. Mimi nacheza Nairobi na nilikuwa mnene kuliko wewe, sasa si mwembamba lakini ngazi napanda bila kusimama katikati. Nesi amemaliza mambo ya mwili, acha niseme ya meza.

Meza ya ana kwa ana inatoa mikono, yaani migao ya karata, 25 hadi 30 kwa saa. Mchezaji mwenye nidhamu anacheza labda mkono mmoja kati ya minne au mitano, mingine anafoldi, yaani anatupa karata. Maana yake kwa saa nzima una kazi kwenye mikono sita hivi, muda uliobaki umekaa tu unaangalia wengine. Mkono usio na kazi unaenda kwenye bakuli. Hiyo si njaa bro, ni kuchoka kusubiri. Jaribu kuangalia siku moja: unakula karanga wakati uko kwenye mkono mkubwa? Hapana. Unakula baada ya kufoldi.

Kwa hiyo bakuli lisiwe mbele yako. Mwambie mhudumu aliweke upande wa pili, wala usimweleze kwa nini. Mimi nilianza kuandika kwenye kijidaftari kila ninapofoldi: nani amepandisha kutoka nafasi gani, ameonyesha karata gani mwishoni. Mkono ukapata kazi, na mchezo wangu ukanyooka kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nawaangalia watu badala ya sinia.

Jambo la pili, inuka. Usiinuke hovyo ukaikosa batani, ile nafasi nzuri ya kucheza mwisho, hapo unajiibia. Ukibakiza nafasi mbili tatu bigi blaindi, lile dau la lazima la zamu, ikufikie, ndio wakati wa kuinuka. Pale ungefoldi karata nyingi hata hivyo. Tembea mpaka nje, zunguka gari mara mbili, rudi ulipe blaindi yako. Fanya hivyo kila mzunguko wa pili. Hautapunguza kilo kwa kutembea dakika nne, lakini hautakuwa mtu wa kukaa saa nane mfululizo, na mgongo utakushukuru.

Pombe hujaitaja. Unakunywa?

KataKarata alijibu:

Bia niliacha kwa sababu ya wanga. Nakunywa konyagi na tonic, mbili tatu, zisizozidi nne.

JamaaWaThika alijibu:

Tonic iko na sukari bro! Karibu sawa na soda nyingine. Weka maji ya gesi na ndimu.

NesiWaZamu alijibu:

Nimecheka kidogo, samahani. Jamaa yuko sahihi. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, na tonic haiko mbali sana. Ladha ya uchungu ndiyo inayowapotosha watu.

Na konyagi yenyewe haina wanga, kweli, lakini gramu moja ya pombe ni kalori 7, iko kati ya wanga wenye 4 na mafuta yenye 9. Kingine ambacho watu hawakijui: mwili ukipata pombe unaishughulikia hiyo kwanza, kuunguza mafuta kunasubiri. Na ukiwa na hifadhi ndogo ya wanga pombe inaweza kukupanda haraka na sukari ya damu ikashuka. Sijui poka, lakini sidhani kama wanaokuzunguka wanasikitika ukiagiza ya tatu.

BiShughuli alijibu:

Mwanangu KataKarata, mimi karata siijui, napika tu. Nimesoma nikaona umeeleza unavyokula asubuhi na mchana, lakini jioni umesema "vilevile" ukapita. Ile jioni ya kwenda huko, unakula saa ngapi na unakula nini hasa?

KataKarata alijibu:

Shikamoo mama. Kusema kweli siku za karata natoka ofisini saa kumi na mbili, foleni ya Mandela, nikifika nyumbani naoga na kuondoka. Nakula huko huko.

BiShughuli alijibu:

Marahaba. Basi ugonjwa ni huo. Unaingia kwenye chumba chenye masinia huku una tumbo tupu tangu saa saba mchana, halafu unataka tukufundishe kukataa. Hata mimi nisingekataa.

Kula kabla ya kutoka nyumbani, na ule ushibe. Usile kijimajani. Samaki mzima wa kuchoma au wa kupaka, bamia au matembele bakuli zima, kachumbari, parachichi nusu. Kama hakuna muda, mama watoto achemshe mayai sita asubuhi, uyakute. Dagaa wakavu wakiungwa kwa nyanya na vitunguu wanakaa kwenye friji, unapasha tu. Maini ya kukaanga haraka, dakika kumi. Nyama ya kusaga na kabichi, dakika kumi na tano. Kabichi iliyokatwa nyembamba sana ikikaangwa kidogo na kitunguu saumu unaiweka chini ya mchuzi mahali pa wali, na mchuzi unaingia vizuri.

Tui la nazi silikatazi, ila usilimwage kama la harusi. Wengi mkishasikia "wanga kidogo" mnadhani mafuta hayana mwisho. Kisamvu cha nazi na karanga ni kitamu, ila kile ni chakula cha mtu atakayelima kesho.

Na alfajiri ukitoka, supu si mbaya. Agiza supu ya mbuzi au kongoro, ndimu na pilipili, uwaambie kabisa chapati wasilete. Wakileta mezani utaila, mimi nawajua wanaume. Ukishashiba supu, chipsi mayai utaipita.

MpingaMitindo alijibu:

Mtanisamehe lakini hii habari ya kuogopa ugali kama nyoka imezidi. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wa watu 609 kwa mwaka mzima. Nusu wanga kidogo, nusu mafuta kidogo, wote wakihimizwa kula chakula halisi, mboga nyingi, sukari na unga mweupe wapunguze. Wa mafuta kidogo walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kidogo kilo 6.0. Tofauti hiyo kitakwimu haina maana. Ndani ya kila kundi kuna waliopungua sana na kuna walioongezeka.

Wazee wetu walikula ugali maisha yao yote na hawakuwa na vitambi. Mtoa mada ale ugali kidogo, mboga nyingi, alale. Mnamtesa bure.

NesiWaZamu alijibu:

Utafiti huo naufahamu na sipingani nao. Wanga kidogo ni njia moja kati ya njia. Inawasaidia baadhi ya watu kwa sababu protini na mboga zinashibisha na ile sahani ya kuongeza inakosa nafasi. Asiyeiweza asilazimishe. Wazee wetu walikuwa na jembe pia, na hawakupewa soda bure mpaka saa kumi usiku.

Ila tukiongelea ugali tuongelee kiasi. Unga mkavu wa sembe gramu 100 una wanga usiopungua 75. Sima ya mwanaume mwenye njaa inaingia unga gramu 200 kirahisi, yaani wanga 150 kwa mlo mmoja. Wali uliopikwa ni kama 28 kwa kila gramu 100, na sahani ya mama ntilie si gramu 100, mnajua. Anayependa hesabu atafute majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania ya mwaka 2008, yalitengenezwa na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzao wa Harvard. Vyakula vyetu vimo.

Kwenye kulala niko na wewe kabisa. Kuna utafiti mdogo wa Chicago wa mwaka 2010, watu kumi tu kwa hiyo tusiupigie ngoma sana. Waliwekwa kwenye mlo uleule wa kujibana, wiki mbili wakipewa nafasi ya kulala saa 8.5, wiki mbili nyingine saa 5.5. Kilo walizopungua zilikaribiana, lakini wakilala vizuri walipoteza mafuta kilo 1.4 na wakinyimwa usingizi kilo 0.6. Kilichobaki kilitoka mahali pengine, misuli imo. Na njaa yao iliongezeka.

KataKarata, wewe unatoka saa kumi, unaingia kitandani saa kumi na moja, watoto wanaamka saa kumi na mbili. Usiku mara tatu kwa wiki. Kahawa ya mwisho unakunywa saa ngapi?

KataKarata alijibu:

Saa nane usiku. Nyingine saa tisa nikiwa nimepoteza.

NesiWaZamu alijibu:

Kahawa ya saa nane, nusu ya kafeini yake bado iko mwilini saa moja asubuhi. Chukua ya mwisho kabla ya saa sita. Na panga saa ya kutoka ukiwa bado nyumbani, una akili zako. Saa saba, saa saba na nusu, uamue mwenyewe.

SukariMoja alijibu:

Samahani naingilia. Mimi nina kisukari cha aina ya pili, natumia metformin na glibenclamide, na ya presha moja. Nimevutiwa na mlo huu. Naweza kuanza Jumatatu?

NesiWaZamu alijibu:

Usianze Jumatatu. Tafadhali. Nenda kliniki yako kwanza.

Glibenclamide inashusha sukari hata kama hujala wanga. Ukiacha wanga ghafla na ukameza dozi ileile, sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Insulini vivyo hivyo, gliclazide vivyo hivyo. Dawa ya presha nayo inaweza kuhitaji kupunguzwa maana mwili utatoa chumvi na maji. Na kuna kundi la dawa za kisukari ambazo majina yake yanaishia na gliflozin. Hizo zikichanganywa na wanga kidogo sana zinaweza kuleta asidi kwenye damu, na hiyo ni dharura ya hospitali. Wagonjwa wa kisukari wanafaidika na kupunguza wanga, wengi tu, lakini daktari anapanga dozi upya kabla, na unapima sukari mara nyingi zaidi. Nenda na swali lako hilihili.

SukariMoja alijibu:

Asante dada. Kliniki ni Alhamisi, nitauliza.

MzeeWaRiva alijibu:

Nimechelewa lakini nina mawili.

Dau la uzito kwanza. Poka ina historia nalo. Kuna ndugu wawili wa Canada, Jaime na Matt Staples. Mwaka 2017 waliwekeana dau na Bill Perkins, tajiri mcheza poka, kwamba baada ya mwaka mmoja uzito wao utalingana, tofauti isizidi ratili moja. Mmoja alikuwa zaidi ya ratili 300, karibu kilo 138, mwingine mwembamba wa kilo 60 na kidogo. Waliweka dola 3,000 kwa hamsini kwa moja. Machi 2018 wakapanda mzani wakalingana, wakachukua dola 150,000. Lakini soma walivyofanya: mwaka mzima, mkufunzi, kupima chakula, kunyanyua vyuma. Ted Forrest naye mwaka 2010 aliweka dau zito na Mike Matusow kwamba atashuka chini ya ratili 140, akashuka.

Sasa dau lenu ninyi ni "atakayepungua kilo nyingi zaidi". Hilo ni dau bovu, na ningekataa hata kama nina hakika ya kushinda. Mtu wa kilo 130 anakupita bila jasho. Na wiki ya mwisho mtaacha kunywa maji, mtakaa kwenye mvuke, mtameza vidonge vya kuharisha. Mwili unaumia na hakuna aliyepungua mafuta. Mkitaka dau, wekeni asilimia ya uzito, wastani wa kupima siku saba mfululizo mwanzoni na mwishoni, na kikomo cha juu kwa kila wiki ili anayejinyima kupita kiasi asipate faida. Hela ashike mtu asiyecheza.

La pili ndilo lililonileta. Ndugu yangu wewe ni mcheza poka, unajua kwamba unaweza kuingiza hela zote na jozi ya A dhidi ya jozi ya K na ukapoteza. Inatokea karibu mara moja kwa kila tano. Ukipoteza hivyo hubadilishi mchezo kesho yake, kwa sababu uamuzi ulikuwa sahihi. Sasa mbona kwenye mzani unacheza kama mgeni? Umeona 98 na nusu asubuhi ya Jumapili, umekata tamaa, umekula chapati. Hiyo ni tilti tupu, kucheza kwa hasira baada ya kupoteza. Kwenye daftari la mama watoto huandiki mkono mmoja mmoja, unaandika usiku mzima, na unamaliza mwezi ndipo unasema kitu. Mzani nao upime kila asubuhi, uandike, na uangalie wastani wa wiki dhidi ya wastani wa wiki iliyopita. Namba ya siku moja ipite tu.

Na ile ya kujipongeza na kujifariji. Umetuambia ukishinda unakula, ukipoteza unakula. Basi matokeo ya karata hayana uhusiano na chipsi. Chipsi iko pale kwa sababu ni saa kumi, umechoka, na ndiyo iliyo wazi njiani. Badilisha njia ya kurudi nyumbani kabla hujabadilisha tabia.

MtotoWaTandika alijibu:

Mzee wa Riva kula tano. Mimi nilikuja kucheka, sasa nimeenda kupima. Kilo 91. Sicheki tena.

KataKarata alijibu:

Wakuu nimesoma yote, mara mbili. Nesi, zile karanga nimezipima jana kwenye mzani wa jikoni. Nilipomimina kiasi ninachodhani nakula usiku mmoja mama watoto akaniuliza naenda kuuza wapi.

Nimeamua hivi. Jumatano nimeifuta, inabaki Ijumaa na Jumamosi. Nakula nyumbani kabla, kwa hiyo ofisini nitatoka saa kumi na moja siku ya Ijumaa, bosi nimeshamwambia. Bakuli linahamia upande wa pili wa meza. Maji ya gesi na ndimu. Natoka saa saba na nusu hata kama kuna mgeni anagawa hela mezani, na hilo najua litaniuma. Narudi kwa njia nyingine, supu hakuna huko, sawa tu. Dau la washkaji nimewapelekea masharti ya Mzee wa Riva. Wawili wamekubali, mmoja wa kilo 128 amejitoa kwa hasira.

Mama BiShughuli, swali: dagaa wa Mwanza au wa Kigoma?

BiShughuli alijibu:

Wa Kigoma, hawana uchungu. Waoshe kwa maji ya moto, uwakaushe kwanza kwenye kikaango kikavu ndipo uunge. Mafuta kijiko kimoja, usikaange kama unauza. Na uwale nyumbani, upige mswaki, maana ukienda nao huko kwenye karata hao wenzako watafoldi wote.

JamaaWaThika alijibu:

Sasa hiyo ndiyo faida ya ziada bro. Usipige mswaki.